Fundi Akujibu: Boti ya faiba imepasuka chini, nijaze fila nipige rangi?

Mwezi huu swali la kwanza ni refu na jibu lake limelipita kwa urefu, kwa hivyo vuta kiti. Yale mengine nimeyapanga nyuma yake manake yote ni ya faiba na boti, nyinyi wa jenereta na pampu za maji mtanivumilia hadi toleo lijalo.

SWALI: Habari ya kazi fundi. Mimi na marafiki wawili tulinunua boti ya tanga ya zamani, ya faiba, futi 23, ilitengenezwa Uingereza 1974, tunaiweka Naivasha. Si unajua vile ziwa lilipanda likameza miti, sasa tukagonga kisiki cha mgunga kilikuwa chini ya maji, upepo ulikuwa mzuri na tulikuwa tunaenda mbio, boti ikasimama ghafla mpaka mmoja wetu akaruka akakumbatia mlingoti. Tulipoitoa na trela tukaona ufa nyuma ya mkuku, ule uzito wa chuma ulio chini ya boti, urefu kama wa mkono, na ndani chini ya mbao za sakafu mbavu mbili, zile za kukaza bodi ya boti, zimeachana nayo, karatasi inapita. Juu kwa sitaha pale mlingoti unakalia kuna nyufa ndogo ndogo zimetawanyika kama miguu ya buibui, hizo sijui ni za siku hiyo ama ni za kitambo. Kuna fundi Kariobangi hutengeneza bodi za matatu, anasema siku mbili tu, atachimba ufa, ajaze fila, apige msasa na rangi. Bei yake ni poa sana. Tumpe kazi?
*Nahodha wa Wikendi, Lang'ata*

JIBU: Nahodha, kwanza boti isirudi majini, hata ile ya "twende tu karibu na ufuo".

Huyo fundi wa Kariobangi simlaumu hata kidogo. Bampa ya matatu haibebi mzigo wowote, ikipasuka unaziba, inang'aa, gari linarudi barabarani. Lakini hapo nyuma ya mkuku ndipo boti yako inashikiliwa. Mkuku wa chuma wa boti ya ukubwa huo ni mamia ya kilo, unaning'inia kwa bolti chache, na upepo ukilaza tanga huo uzito ndio unairudisha boti wima, kila wimbi unavuta huku na kule.

Sasa fikiria siku ya kisiki. Ncha ya chini ya mkuku imesimama, boti yenyewe bado inataka kwenda, kwa hivyo mkuku unajizungusha kidogo, upande wa mbele unavutwa chini kama unataka kuchomoka na upande wa nyuma unasukumwa juu ndani ya bodi. Ndio maana ufa wako uko nyuma, na mbavu zilizoachia nina hakika ni zile za nyuma pia. Ule ufa wa nje ni alama ya kile kilichotokea ndani, na ukiuziba huku mbavu bado zimeachia, bodi itaendelea kucheza kila ukisafiri na ufa utarudi palepale, saa hii ukiwa umefichwa na rangi mpya.

Kuna boti iliitwa Cheeki Rafiki, jina unaona lina Kiswahili, ilikuwa ya faiba ya karibu mita 12. Mei 2014 ikitoka Antigua kurudi Uingereza mkuku uling'oka katikati ya Atlantiki, boti ikapinduka, watu 4 wakapotea. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza kwenye ripoti yao ya 2015 walisema huenda kugonga chini mara kadhaa na marekebisho yaliyofuata ndiyo yalidhoofisha pale mkuku unaposhikana na boti. Najua Naivasha sio Atlantiki, lakini Atlantiki haina viboko wa kukusubiri ukiogelea kwenda nchi kavu.

Kwa nini fila haitoshi? Nguvu ya faiba iko kwa nyuzi za kioo, rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda, kazi yake ni kuzishikanisha zisiteleze. Ufa ukipita ndani ya bodi inamaanisha nyuzi zimekatika. Fila ya magari ni rezini imechanganywa na unga, haina nyuzi ndefu hata moja za kuvuka ule ufa, na zaidi ya hapo inanyonya maji, sasa ukiiweka chini ya boti umeweka sifongo. Kwa hivyo ni lazima urudishe nyuzi mpya juu ya zile zilizokatika, na zishike eneo pana.

Tuanze na kujua ufa umefika wapi. Pangusa pale na kitambaa chenye asetoni halafu angalia haraka, juu itakauka kwa sekunde chache lakini ndani ya ufa inabaki mbichi, utauona mstari mpaka mwisho wake na mara nyingi ni mrefu kuliko ulivyodhani. Halafu chukua sarafu ya shilingi 20 ugongegonge ukienda nje taratibu, faiba nzima inalia kavu na kali, ile leya zake zimeachana inalia bubu. Zungushia na kalamu kila mahali paliposikika bubu. Fanya hivyo mbele ya mkuku pia, na kwa ile kuta ya mbao ya ndani iliyo karibu na mlingoti, mshtuko haukuishia kwa ufa mmoja. Na uziangalie nati za mkuku, ukiona maji ya kutu yanachuruzika kwenye kiungo cha mkuku na bodi baada ya boti kukaa nje, mkuku ushushwe wote bolti zikaguliwe. Kwa boti ya 1974 iliyogonga hivyo mimi ningeushusha hata bila kuona kutu.

Kitu kingine ambacho watu husahau, usirekebishe boti ikiwa imekalia mkuku wake kwa trela. Uzito wa boti unasukuma bodi juu, sasa ukiganda pale na faiba mpya utakuwa umeigandisha ikiwa imejipinda. Itegemeze kwa bodi yake yenyewe, chini ya zile kuta za ndani ambapo kuna nguvu, mkuku uwe hauna mzigo.

Halafu grinda, msasa wa namba 36 ama 40, lakini kabla ya grinda osha kwanza na sabuni kisha asetoni, manake ukisaga juu ya nta na grisi unaziingiza ndani. Saga mpaka rangi nyeupenyeupe iishe. Hiyo weupe ni leya zilizoachana, faiba nzima ukiisaga inaonekana kama kijanikijani ama kahawia inayopitisha mwanga. Kisha uutelemshe mteremko kutoka kwa ufa kwenda nje, kipimo chake ni 12 kwa 1. Yaani bodi ikiwa na unene wa milimita 8, mteremko uende kama sentimita 10 kila upande wa ufa. Najua utaogopa, ufa wa kupitisha wembe unakuwa shimo pana kama sahani, na hapo ndipo wengi wanapunguza wakisema inatosha. Usipunguze. Faiba mpya inashika ya zamani kwa kugandana tu, haziungani kuwa kitu kimoja, kwa hivyo unahitaji eneo kubwa la kushikana.

Ukipata nafasi ya kufika kwa ndani, weka faiba pande zote mbili. Hapo nyuma ya mkuku kwa boti ya futi 23 mkono unafika ukitoa sakafu, hata kama utalala vibaya.

Halafu ikauke. Boti imekaa majini miaka, ndani ya ufa kuna maji. Bandika kipande cha nailoni safi juu ya pale uliposaga, kingo zote zifunge na selotepu, uache siku nzima, ukikuta umande ndani ya nailoni bado. Hapo peke yake zile siku mbili za fundi wako zimeisha.

Kwa leya zenyewe tumia epoksi, ambayo ni aina ya rezini inayoshika sana, na kitambaa cha nyuzi zilizoshonwa kwa mshazari, wauzaji wanaiita baiaksia. Kata vipande vya ukubwa tofauti, mimi naanza na kile kikubwa kinachofunika mteremko wote, vidogo vinafuata juu yake. Wengine wanaanza na kidogo na boti zao zinaelea, ila ukianza na kikubwa nyuzi zake ndefu zinalala moja kwa moja kwa faiba ya zamani, na baadaye ukipiga msasa kusawazisha hauzikati. Lowanisha, bonyeza na rola mpaka mapovu yatoke, rezini isielee juu, ikibaki dimbwi ni uzito wa bure. Usirundike leya zote mara moja, tatu nne kisha upumzishe, ukizidisha itapata moto wenyewe kwa wenyewe mpaka itoe moshi.

Mbavu sasa. Utashawishika kusukuma rezini na sindano kwa ile nafasi ya karatasi. Ndani mna matope, mafuta na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, ya miaka 50, hakuna rezini itashika hayo. Toa faiba yote iliyoachia, ichome mbao na bisibisi uone kama imeoza, ikiingia laini badilisha na plaiwudi ya boti. Irudishe juu ya epoksi iliyotiwa unga wake maalum ikawa nzito, kona zake uziviringishe na huo mchanganyiko manake nyuzi hazipendi kona ya digrii 90, halafu leya nne ama zaidi, kila moja ipite ile ya chini yake kidogo, ya mwisho ishike bodi kama sentimita 10 ama zaidi. Vile vitundu vya maji kupita kwa mbavu navyo uvipake epoksi ndani, huoza kutoka hapo.

Hizo za buibui kwa sitaha, saga moja tu kidogo uone. Jelikoti ile ya juu ni kama nusu milimita. Ufa ukiisha ukifika kwa faiba, ni wa ngozi tu, uchimbe kidogo ujaze jelikoti, uendelee na maisha. Ukizama ndani, ama sitaha inabonyea ukikanyaga, shuka chini uangalie ile nguzo inayobeba mlingoti kwa ndani, pengine imeshuka ama mguu wake umeoza.

Na fundi wako wa Kariobangi, mkono wake wa faiba huenda ni mzuri kuliko wako na wangu. Mpe kazi, lakini mlipe kwa siku na ukae naye pale, mteremko uupime wewe na rula. Kabla ya mkuku kufungwa tena tafuta mtu anayekagua boti, kule Pwani wako, aje aione ikiwa wazi.

SWALI: Fundi mambo, nimesoma kwamba boti za zamani zilijengwa na poliesta, sasa kwa nini watu wanasema epoksi? Si bora nitumie kitu kilekile, na poliesta hapa Industrial Area ni rahisi na iko tele. Halafu nataka kufanya Julai nikiwa na likizo.
*Mama Mashua, South B*

JIBU: Dada, wakati boti inajengwa leya zote zilikuwa mbichi kwa hivyo poliesta ilishikana na poliesta vizuri kabisa. Leo hiyo bodi imekauka zamani, ukiweka poliesta mpya juu yake inashika kwa mikwaruzo tu, epoksi inashika pahali kama hapo vizuri zaidi na haipitishi maji kwa urahisi. Kwa ufa wa kubeba mzigo tumia epoksi, kwa sanduku la kiti ama kifuniko tumia poliesta uokoe pesa. Epoksi haipendi jua, kwa hivyo lazima ipakwe rangi juu, na jua letu la huku juu unalijua.

Ukichukua epoksi usinunue mati ya nyuzi fupi ya kawaida bila kuuliza, ile gundi inayoshikanisha nyuzi zake imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, kwa epoksi haiyeyuki, mati inabaki ngumu haikunji kona.

Na vipimo! Nimeona mafundi wanapima hadena, ile dawa ya kugandisha rezini, na kifuniko cha chupa, kwa poliesta utaponea manake ina nafasi, gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Epoksi haina huo mchezo. Kama mtengenezaji amesema 2 kwa 1 ni 2 kwa 1, ukiongeza hadena haikauki haraka, inabaki laini milele na utaikwangua yote. Nunua mizani ya jikoni, ila uangalie kama hicho kipimo ni cha uzito ama cha ujazo.

Julai ndio tatizo. Usiku Nairobi inashuka mpaka digrii 10 hivi, Naivasha hata chini ya hapo, na epoksi baridi ikizidi kwa digrii 10 muda wake unakaribia kuongezeka mara mbili. Inawezekana, lakini nunua hadena ya haraka, funika pale na turubai, weka balbu za joto pembeni, anza kazi asubuhi jua likitoka ili ipate mchana wote. Asubuhi yake ukigusa utasikia utelezi kama wa nta juu, hiyo iondoe na maji ya kawaida na brashi ya kusugulia sufuria kabla ya msasa, asetoni itaisambaza tu. Ukiweza subiri Januari, mimi ningesubiri.

SWALI: Mimi ni fundi wa tanki za maji na bodi za lori, nimepewa boti kwa mara ya kwanza. Leya yangu ya mwisho ya jelikoti inabaki inanata hata siku ya tatu. Nimeongeza hadena bado. Shida ni rezini mbovu?
*Fundi, Gikomba*

JIBU: Rezini haina shida boss. Poliesta ikiguswa na hewa juu haikauki, ndio maana ukiwa na moldi, yaani kalibu, hauoni hili tatizo, ule uso mzuri umeegemea moldi haupati hewa. Kwa boti unapaka kwa nje. Uliza duka likuuzie nta ya kuchanganya na ile leya ya mwisho tu, inapanda juu inafunika, ama ufunike na nailoni laini ukishapaka. Usiweke nta kwa leya za katikati, inayofuata haitashika. Hadena ukizidisha unapata kitu cha kukatika kama biskuti.

Na kwa kuwa umesema unaongezaongeza, kama una ile dawa ya zambarau ya kobalti ya kuharakisha, isikutane kamwe na hadena moja kwa moja kwa kikombe. Zinalipuka. Koroga kobalti kwa rezini kwanza mpaka iishe, hadena mwisho.

SWALI: Sitaha ya boti yangu inabonyea mbele, nimeambiwa nitoboe matundu nidunge epoksi. Itashika?
*Wa Kilifi anayeishi Umoja*

JIBU: Mara nyingi haishiki. Katikati ya sitaha za zamani kuna mbao ya balsa, faiba juu na faiba chini, maji yanaingia kwa tundu za skrubu zisizozibwa na balsa inaoza polepole. Toboa kidogo kutoka ndani, ukitoa unga mkavu mweupe uko sawa, ukitoa uji mweusi hakuna epoksi itaugeuza kuwa mbao. Kata ngozi ya juu kwa kipande kimoja, kwangua uji wote mpaka ufike balsa kavu, weka mpya, rudisha kipande na uunge kingo kwa ule mteremko wa 12 kwa 1 niliomwambia Nahodha. Ukirudisha vyuma, kila tundu la bolti litoboe kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi nzito, likikauka ndio utoboe saizi yake, maji hayatapata tena pa kuingilia.

SWALI: Nikisaga faiba nawashwa usiku wote mpaka mke wangu amenifukuza kitandani. Dawa?
*Mwenye Upele, Rongai*

JIBU: Mwenzio ana haki, hizo ni sindano za kioo na unampelekea. Vaa mikono mirefu, funga vifundo vya mikono na selotepu juu ya glavu, ukimaliza usijisugue, jimwagie maji ya baridi kwanza yaondoe vumbi ndipo upake sabuni. Nguo za kazi zioshwe peke yake. Lakini ngozi ni kero tu, mapafu ndiyo kesi, na ile barakoa ya kitambaa haisaidii. Tafuta ya mpira yenye vichujio viwili, ya vumbi ukisaga na ya mvuke ukipaka rezini, ni vichujio tofauti. Miwani usiivue ukishika hadena ya poliesta, tone moja linaweza kukupofusha, likiingia osha na maji mengi dakika 15 bila kuacha huku mtu anatafuta gari la hospitali. Na rezini inayobaki kwa kopo usiiache ndani ya banda ukaenda kula, ikirundikana inapata moto yenyewe, imwage nyembamba kwa sinia kuukuu, iweke nje mpaka ipoe.